Vipete vya Kumbukumbu

Nilikuwa mlinzi wa chumba cha kompyuta katika jengo moja la ofisi huko Al Sadd, mjini Doha. Nje jua lilichoma. Ndani palikuwa na baridi ya kuvalia sweta. Fundi wa mitambo ile alikuwa mzee wa Kihindi aliyekaribia kustaafu. Mezani pake aliweka fremu ndogo ya nyaya nyembamba, na kila nyaya zilipokutana palikuwa na kipete cheusi cha sumaku, kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Hii ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya kompyuta za zamani," aliniambia. Zile za mwanzo zilitumia taa za kioo, zikawa zinaungua kila mara. Baadaye vikaja vipete, ambavyo wanawake walivitunga kwa mkono kama shanga. Umeme ukikatika havisahau. Ila kukisoma kipete ni kukifuta, kwa hiyo wabunifu waliiunda mashine hivi kwamba ikishasoma, inaandika upya papo hapo.

Ijumaa nilimpigia dada yangu, kitinda mimba wetu, aliyekuwa akisomea kompyuta Nakuru. Wazazi walipofariki niliacha shule ili yeye asome. Sasa alitaka kuacha chuo aje Doha kufanya kazi za nyumbani. Nilidhani habari za vipete zingempa hamu ya masomo, nikamsimulia zote.

Alicheka. "Bro, hao wamama walitunga mpaka macho yakaisha. Unajua jina la hata mmoja?"

"Silijui."

"Huyo mzee je?"

"Naye halijui."

"Basi. Mimi nisome nikamtungie nani?"

"Soma uwe wa kubuni, si wa kutunga."

"Na wewe uliacha form two!"

"Ndiyo maana nakwambia."

"Bro, nimechoka kuwa mradi wako."

Nilikataa kumtafutia ajenti wa kazi, akampata mwenyewe. Akaletwa kwenye nyumba moja Al Wukair, kusini mwa Doha.

Siku yangu ya mapumziko nilienda kumwona, nimebeba machungwa. Dereva wa nyumba hiyo, Mganda, alinizuia getini.

"Pole, ndugu yangu. Wasichana wa ndani hawaruhusiwi wageni."

"Mimi ni kaka yake."

"Hata baba yake angekuja, ningesema hivyo hivyo."

Nikampa machungwa amfikishie. Ng'ambo ya ukuta mwanamke aliita kwa ukali, na dada yangu akaitika mbio, kwa Kiarabu.