Benchi la Kando la Mizani

Kinyozi yule walimwita Mizani, kwa sababu ndevu za kushoto na za kulia alizilinganisha kwa jicho tu, na ole wako upime. Majivuno alikuwa nayo ya kutosha. Basi wateja wa benchi la kando walipoanza kumpungia mkono wasijibiwe, wakasema, haya, sasa anaturingia.

Mkewe alivumilia mengi: bega la mume kugonga kila mlango, mtungi wa maji kukauka kabla jua halijawa kali, safari za chooni zisizo na mwisho. Lakini siku aliyoketi kwenye lile benchi na mume akampita hivi hivi, alinuna mpaka jioni. Kesho yake mteja akatoka na sharubu zilizolala upande mmoja. Mizani kukosea sharubu! Hapo kununa kukaisha, hofu ikaingia.

Hospitalini daktari alimwambia amtazame usoni, kisha akaleta kidole polepole kutoka kando. Mizani hakukiona mpaka kilipokaribia pua ya daktari. Picha ya kichwa ikamaliza ubishi: kulikuwa na uvimbe chini ya ubongo, jirani na tezi ya pituitari, ile inayoziamuru tezi nyingine. Si saratani, daktari alieleza, ila ni mgeni asiye na adabu. Ameikalia mishipa ya macho na kuibana tezi, hata mwili umeshindwa kutunza maji. Wangeutoa kupitia puani, na masalia yaliyong'ang'ania mishipa wangeyapiga mionzi.

Mizani, aliyepunguza nywele za pua za mtaa mzima, hakuipenda hiyo njia. Ila swali lake lilikuwa moja.

"Nitaona kando tena?"

"Huenda. Tukichelewa, hata mbele hutaona."

Baada ya upasuaji na mionzi alirudi nyumbani na vidonge vya homoni vya maisha, maana tezi ilikuwa imestaafu bila kuaga. Bwana mkubwa akajisikia mzima, akaviacha, eti dawa ni za wagonjwa. Haukupita muda magoti yakamlegea, akarudishwa wodini hoi. Tangu hapo mkewe humsimamia mpaka ameze, na homa ikimshika dozi huongezwa kama walivyoelekezwa.

Duka likafunguliwa tena. Kila asubuhi mkewe alikaa mwisho wa benchi, upande wa kulia wa mume, kimya, asijikohoze. Mume alinyoa, akapangusa kiti, akaita anayefuata. Mke akaondoka moyo mzito, na kesho akarudi.

Siku moja mkasi ukasimama hewani. Kichwa cha Mizani hakikugeuka hata kidogo.

"Mama Watoto, hivi umekaa hapo kunichunga?"

Mke alilia mbele ya wateja wote, wala hakuona haya. Upande wa kushoto wa Mizani haujarudi mpaka leo. Mlango wa duka bado anaugonga, na lawama anaupa mlango.