Mwaka Bibi Aliosoma Maktabani

Wiki iliyopita nilitumwa kukodi viti vya hitma ya bibi yangu. Duka la viti na mahema hapo Mishomoroni limo ndani ya nyumba ile ile iliyokuwa maktaba yetu, na mwenye duka wala hakuijua habari hiyo. Viti vya plastiki vimerundikwa hadi darini pale palipokuwa na makabati ya vitabu. Nilisimama nikingoja moyo unichome, rafiki yangu, na haukunichoma. Tangu tumzike bibi niko hivyo. Nala, nalala, naitikia salamu.

Maktaba ile haikudumu sana, lakini kuna mwaka mmoja ilijaa watu kuliko soko. Asubuhi muuguzi wa zahanati alikuja kutundika mizani ya watoto wachanga kwenye boriti ya mlango, na kina mama waliongoja zamu walipewa vitabu vya picha wawaonyeshe wanao. Baada ya alasiri, ustadhi wa madrasa alituleta kwa mstari. Alikuwa amekubali kwa sharti moja, viatu vibaki nje, basi kila siku kulikuwa na aliyerudi kwao na ndara za mwenziwe. Jumapili sanduku la vitabu lilipakiwa mkokotenini likapelekwa kanisani, kwa watoto wasiofika kwetu siku nyingine. Masika yalipoingia, mvua ilipiga mabati hata hadithi zisisikike, na mkutubi, ambaye sote tulimwita mwalimu, akazitamba kwa mikono na macho tu. Tulicheka mpaka tukashikwa na kwikwi. Mlangoni aliketi mama wa viazi karai, na vitabu vyetu vingi vilinuka ukwaju.

Jumamosi kulikuwa na kisomo cha watu wazima, na hicho ndicho kilichomtoa bibi nyumbani. Mama yangu alikuwa amefariki, baba yuko Arabuni kikazi, na habari zake zilikuja kwa ujumbe wa simu. Mimi nilikuwa bado nadonoa herufi. Basi bibi alimpelekea jirani simu amsomee, na jirani alisoma kwa sauti, barazani, hata kufika magharibi mtaa mzima ukawa unajua baba ameumwa na jino.

"Nataka kuyasoma maneno ya mwanangu kwa macho yangu," bibi alimwambia mwalimu siku ya kwanza. "Kisha nichague mwenyewe wa kumwambia na wa kumnyima."

Bibi alikuwa amesoma Kurani tangu utotoni, na kwake kitabu kilikuwa kitabu. Alitia udhu kabla ya kwenda kisomoni. Kila alichopewa alikifungua kutoka nyuma, kidole kikaanzia kulia. Mwalimu akikigeuza, bibi alikigeuza tena.

"Hiki chaanzia mwisho, mwalimu," alilalamika.

Nyumbani, tukichambua mchele, alinisomea pakiti ya unga, kipande cha sabuni, maandishi ya leso aliyovaa. Nikimcheka aliniambia, "Cheka, mjukuu wangu. Na wewe hukuzaliwa wajua." Kufikia mwezi wa Shaabani sote wawili tulikuwa tunasoma. Baba alikuwa ameahidi kuja kwa Idi, na bibi alishaanza kuulizia nyama ya pilau.

Siku moja bibi alikuwa jikoni anakuna nazi. Simu ikalia, akajifuta mikono kwa leso, akausoma ujumbe midomo ikimtembea. Akaurudia. Kisha akaiweka simu mapajani.

"Babako haji," alisema. "Ameoa huko, na mtoto anaye. Asema tusimngoje tena."

Nilitumaini ameanzia upande usiofaa. Nilitumaini hivyo kwa dhati, nikaomba simu nikasoma mwenyewe tangu mwanzo. Hakuwa amekosea hata herufi moja. Sikulia. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

"Mwanao asemaje?" jirani aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Awasalimu," bibi alijibu, akaendelea kukuna nazi.

Maktaba ilifungwa baadaye, na sababu hatukuambiwa. Muuguzi alihamishwa, jirani ametangulia mbele ya haki, vitabu sijui viliishia wapi. Yote hayo nayakumbuka kama habari za watu wengine. Jumamosi iliyofuata ujumbe ule siikumbuki hivyo.

Siku hiyo walikuja wageni, wale waliokuwa wakiiletea maktaba vitabu, na mwalimu alitaka waone kisomo kimefaa. Hakujua lolote. Akamgeukia bibi mbele ya wote akamuuliza, "Bibi, ujumbe wa mwanao, sasa waweza kuusoma mwenyewe?"

Bibi aliketi wima, buibui lake limefungwa sawasawa.

"Naweza, mwalimu. Juzi nimeusoma wote. Alhamdulillahi."

Darasa zima likampigia makofi. Wageni wakasimama. Mwalimu alifuta machozi ya furaha, na mimi, niliyekuwa ubavuni pa bibi, nikapiga makofi pamoja nao.