Mtani wa Ndani ya Televisheni

Bi Mwahija binti Kondo aliupenda mchezo mmoja wa televisheni kuliko alivyowapenda watu, na mimi mwenye televisheni ndiye niliyekoma.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kiliingia kijijini kwetu Milola: mitumba, sabuni za kunukia, redio zenye taa. Mume wangu Bakary alikwenda Dar kuuza korosho, akarudi na televisheni iliyokwisha tumika, deki ya video, betri ya gari na kanda chache zilizoachwa na mzungu aliyekuwa akihama. Nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Iliyokubali kuonyesha ilikuwa moja tu, mchezo wa zamani wa kuchekesha, hauna rangi, Kiingereza mwanzo mwisho. Bwana mnene, mke mwembamba, sebule moja, na jirani anayeingia bila hodi. Bwana akijikwaa, watu wasioonekana wanacheka. Kijiji kilikuja siku mbili tatu, kikachoka, kikarudi kwenye shughuli zake. Bi Mwahija hakuchoka.

Alikuwa mjane. Mumewe, Nurdin, alikufa ghafla msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi la salfa likiwa bado kwenye nyusi. Siku ya mazishi alikuja Likwata, mtani wa ukoo wao, akafanya kazi ya mtani, kumwigiza marehemu ili aagwe kwa kicheko. Akavaa koti la marehemu, akatembea akiyumba kama yeye, akakohoa kikohozi chake cha salfa, viwili vifupi na kimoja kirefu, kisha akauliza mbele ya wafiwa, "Mwahija, leo tena kisamvu?" Watu wakaanza kucheka huku machozi yakiwatoka, kama inavyotakiwa. Bi Mwahija akanyanyuka na mwiko. Akamvua Likwata koti, akamwita mchawi, akamfukuza. Nurdin akazikwa kimya, na mkewe hakupokea pole ya mtu.

Tangu hapo, kila alasiri, wakati aliozoea kurudi kutoka shamba, Nurdin alikohoa mlangoni. Mimi si mtu wa mizimu. Nilimwambia Bi Mwahija usoni kwamba ni mbuzi. Mpaka siku niliyokwenda kuazima ungo, nimesimama uani kwake, nikasikia viwili vifupi, kimoja kirefu. Mlangoni hapakuwa na mtu wala mbuzi. Bi Mwahija alipakua ugali, akauweka kando, wala hakuinua uso. Nilirudi kwangu bila ungo.

Kwa hiyo alipoanza kuja kwangu kila alasiri, nilijua anakimbia nini. Alikaa mkekani, mbele kabisa, ukingo wa kanga mdomoni.

"Shikamoo, mama," nilimtania. "Mzungu wako anakusubiri."

"Marahaba. Mwambie Bakary awashe."

Siku moja akaninong'oneza, "Yule mnene si mwenyewe."

"Si mwenyewe kivipi?"

"Mwenyewe amekufa. Huyu ni mtani wake, kavaa nguo zake. Huoni koti halimtoshi? Na hao wanaocheka hatuwaoni kwa kuwa wamekaa huku kwetu, upande wa wafiwa."

Bakary akacheka. Akamweleza kwamba ule ni mchezo tu, umepigwa kabla sisi hatujazaliwa, na huenda wote waliomo wameshakufa, hata hao wanaocheka. Alidhani anamsaidia, masikini.

"Si ndivyo nilivyosema," akajibu Bi Mwahija.

Toka siku hiyo nilisogelea mlango kila kicheko kilipoanza. Wafu walijaa sebuleni kwangu mchana kweupe, wanacheka, na yule mama katikati yao hacheki, hamtazami hata bwana mnene. Alimtazama mke.

"Mwangalie," aliniambia. "Hana mwiko. Anamwacha amalize."

Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia Bakary kwa kutuletea balaa lile nyumbani.

Kisha deki ikaila kanda. Bwana mnene ndiyo kwanza alikuwa anafungua mlango, picha ikakatika. Bakary akavuta utepe, ukatoka umejisokota, haufai tena. Bi Mwahija aliutazama ule utepe sakafuni.

"Hajamaliza," akasema.

Akaenda kwake, akarudi na koti la Nurdin, akaniomba nimsindikize kwa Likwata.

Tulimkuta kibarazani, mzee sasa, macho yameingia ukungu. Alimjua mgeni wake kwa sauti.

"Uliniita mchawi, Mwahija."

"Nilikuita."

"Mbele ya maiti."

"Mbele yake. Na hajaondoka, mtani. Anakohoa mlangoni. Njoo umalizie."

Nilifikiri Likwata atatufukuza, na angekuwa na haki. Kisha akanyoosha mkono, akalipapasa koti.

"Panya wamekula mfuko," akasema. "Nurdin atasema ni mimi."

Kesho yake alasiri nilikaa na Bi Mwahija uani. Kikaja kikohozi, viwili vifupi, kimoja kirefu, na mlangoni hapana mtu. Nikamshika mkono. Mara nje ya ua kikohozi kingine kikajibu, vilevile, na Likwata akaingia akiyumba, koti limemfika magotini.

"Mwahija, leo tena kisamvu?"

Mwiko ulikuwa pembeni ya Bi Mwahija. Hakuugusa. Kwanza alitoa sauti ya kukwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, ndipo nikatambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Likwata naye akazidi, akalalamikia chumvi, akalalamikia kitanda, mpaka kicheko kikageuka kilio na mtani akavua koti taratibu, akaondoka nalo.

Siku iliyofuata tulikaa tena palepale. Bi Mwahija alipakua ugali, akauweka kando kama kawaida. Watu wakarudi kutoka shamba, majembe mabegani, wakapita. Alasiri ikaisha. Tulisikia kuku tu, na mmoja akaja, akaanza kuudonoa ule ugali. Bi Mwahija hakumfukuza.

"Sasa ndiyo nimefiwa, mwanangu," akasema. "Nipe pole."

Nikampa.