Ukingo wa Mkeka wa Bi Maua

Mikeka ya Mwamvita ilikanyagwa na nusu ya Tabora, na hakuna aliyewahi kuinama akaitazama. Ilitandikwa vibarazani, arusini na matangani. Watu wakala juu yake, wakamwaga mchuzi, wakaikunja, basi. Mwamvita, mjane wa mtaa wa Isevya, hakulalamika, lakini jambo hilo lilimuuma. Alitamani siku moja, moja tu, watu wasimame mbele ya kazi yake waitazame.

Ufundi aliupata kwa mama yake, Bi Maua, naye Bi Maua aliupata kwa mama yake, aliyekuja na msafara kutoka pwani, kwa miguu, na mzigo wa ukindu kichwani. Katika ukoo wao palikuwa na desturi. Mwanamke akianza kuzeeka husuka mkeka atakaolazwa siku ya kufa kwake, lakini ukingo haupindi. Huuacha wazi, ncha za ukindu zikining'inia. Siku yenyewe ikifika, binti yake huchukua shazia, ile sindano ndefu ya mikeka, akaketi kando ya maiti akaupinda huku maji ya kuoshea yakichemka. Kuupinda mapema ni kumbishia Izraili hodi.

Bi Maua aliusuka wa kwake kabla hajapofuka macho. Mwamvita hajapata kuona mwingine mfano wake. Kwa hiyo Nassibu, mfua shaba wa jirani, alipoleta habari kwamba mafundi wa Tabora wamealikwa Dar es Salaam kwenye maonyesho ya kazi za mikono pamoja na mafundi wa majimbo mengine, Mwamvita hakuufikiria mkeka wake hata mmoja.

"Mama," alisema, "nipe mkeka wako niende nao."

Bi Maua, ambaye kifua kilikuwa kikimsumbua tangu Ramadhani, alikohoa kwanza.

"Nenda nao. Hata mimi napenda uonwe kabla haujabeba mfu. Lakini ukingo, mwanangu, usiuguse."

"Siugusi, mama."

Gari moshi likateremka na njia ileile aliyoipanda bibi yake kwa miguu. Walipopita Mgunda Mkali, pori lililowameza wapagazi wa zamani, wenzake walisinzia. Mwamvita aliupakata mkeka kama mtoto, akakataa kuuweka juu pamoja na mizigo.

Ukumbini, sinia za Nassibu zilipangwa mara moja. Bibi wa Kizungu aliyesimamia maonyesho aliukunjua mkeka, akaupapasa, akatabasamu. Kisha akafika ukingoni, akatikisa kichwa.

"Anasema hajaona mzuri kama huu," karani akafasiri, "lakini haujaisha. Kisichoisha hakitundikwi. Umalize leo, kesho tunafungua."

Angeweza kueleza. Lakini utaanzaje kumwambia mgeni, kwa kinywa cha karani, habari za kifo cha mama yako aliye hai? Aliona haya, akaukunja mkeka wake.

"Pinda tu, dada," Nassibu alimnong'oneza. "Nani atajua? Bi Maua mwenyewe haoni."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu alikwisha kujiambia yaleyale. Alikaa uani akatoa shazia. Kila mshono aliomba msamaha kwa Mungu, na kila mshono ulitoka safi. Tamaa ya kusifiwa haina tofauti na tamaa nyingine, ikishika, imeshika.

Kesho yake mkeka ulitundikwa ukutani, na watu wakasimama mbele yake. Wengine walivua kofia. Siku aliyoingoja maisha yake yote ilikuwa imefika, naye hakuiona. Macho yake yalikuwa mlangoni, akingoja mtu wa posta alete simu ya maandishi yenye habari za msiba nyumbani.

Simu haikuja. Tabora, stesheni, alizitazama nyuso za watu akaogopa kuuliza. Alipofika Isevya alimkuta mama yake barazani akimenya karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkeka wangu."

Bi Maua aliuweka mapajani. Vidole vilifika ukingoni, vikasimama, kisha vikaufuata upande hata upande, polepole, mpaka vikarudi vilipoanzia. Mwamvita alikuwa akilia.

"Nitaufumua, mama. Sasa hivi nitaufumua."

"Usiufumue. Umeshona vizuri." Bi Maua alihema. "Nitandikie."

Akajilaza juu yake, ubavu wa kulia, akaelekea kibla, akatulia kidogo. "Unanitosha," alisema. "Haya, niinue, nina njaa."

Hakulitaja tena jambo lile. Aliishi mpaka masika, akafa alfajiri ya mvua, kifua kilekile.

Nyumba ikajaa. Wanawake wakagawana kazi: huyu kuni, yule maji, wengine sanda na udi. Mkeka ulitandikwa, mzima, ukingo umepindwa pande zote. Nafasi ya binti, kando ya maiti, iliachwa wazi, na Mwamvita akaketi hapo. Shazia aliichukua kwa mazoea tu. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini wazee waliuacha ukingo ule kwa siku ile, na kwa binti: ili apate la kufanya. Kazi yake alikwisha kuifanya Dar es Salaam. Akaiweka shazia chini, akakaa na mikono mitupu mapajani, akiyasikiliza maji yakichemka.