Mkaja wa Mwanarusi

Nyumba ya Mwanarusi pale Gazi ilikuwa ya mwisho kabla ya mikoko, na nguzo yake ya kati ilikuwa boriti nene iliyonyooka, ambayo mumewe aliichagua mwenyewe. Nimeanza na nguzo kwa sababu ina kazi humu ndani, nivumilieni kidogo.

Mwaka ule wa hamsini na nne, masika yakiwa yamekolea, Mwanarusi alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Alfani. Mumewe, Waziri, alikuwa kuli wa bandarini Mombasa, na aliondoka mimba ikiwa bado haijaonekana. Mamake Mwanarusi alikuwa Vanga, na barabara ya huko ilikuwa imekatwa na maji. Mama mkwe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mkunga wa kijiji alikata kitovu, akamfunga mkaja siku ile ya kwanza, kisha akaitwa kwingine kuzalisha. Aliyebaki ni wifi yake, Mbeyu, dadake Waziri, ambaye kila asubuhi alileta uji wa pilipili manga, akautua kizingitini, akauliza hali, akaenda zake.

Sasa, mkaja si nguo ya kujifunga mwenyewe. Ni shuka refu. Mzazi husimama, mtu mwingine akamzungushia tumboni na kulikaza, siku baada ya siku, mpaka arobaini itimie. Hiyo ni kazi ya mama, na mama asipokuwepo, ya wifi. Mbeyu hakujitolea, naye Mwanarusi aliona haya kuomba. Basi alifunga ncha moja kwenye nguzo, akajiwekea ya pili ubavuni, akajizungusha polepole kuielekea boriti mpaka shuka likaisha. Kila asubuhi ndivyo alivyozunguka, peke yake chumbani, kama mtu anayecheza ngoma ambayo wenzake wameshaondoka.

Shuka likawa linateleza. Naye, kwa kuogopa kubaki na tumbo, akawa analipandisha na kulibana, mpaka likamkaba maziwa.

Alfani akawa analia. Alishika ziwa, akaliacha, akalia tena. Chuchu zilichanika, na kwa maumivu Mwanarusi akawa anamweka mtoto mbali, ashike ncha ya chuchu tu. Mbeyu alileta maji ya sukari. Mtoto aliyanywa, akalala, akaamka na njaa yake ile ile. Mashavu yakaanza kubonyea.

Ndipo asubuhi moja Mbeyu, akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Wifi, mtoto akikonda hivi, watu wana jina lake."

Hakulitaja. Halikuhitaji kutajwa. Ni chirwa, ugonjwa ambao watu husema humpata mtoto mchanga mamake akitoka nje ya ndoa. Sasa Mwanarusi akaelewa kwa nini wifi yake hajawahi kumpakata mtoto. Na mumewe hayupo, nani angemsemea? Alfani akifa, atazikwa na jina hilo, naye atarudishwa Vanga mikono mitupu. Lakini ukweli ni kwamba jina halikumnyima usingizi. Kilichomnyima ni kile kilio, ambacho sasa kilikuwa kinapungua sauti.

Arobaini haijatimia, alijitanda kanga, akamfunika mtoto, akapanda lori la nazi kwenda hospitali ya Msambweni. Wanawake waliokuwamo walitazama kifurushi kifuani mwake, wakatazama pembeni.

Alipokelewa na mkunga wa hospitali, mama wa makamo aliyeitwa Bibi Jumwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, mimi sijatoka nje ya ndoa."

"Hilo sikukuuliza," Bibi Jumwa akasema, akivuta kigoda. "Mtoto amenyonya lini?"

Alimwambia amnyonyeshe palepale, aone. Mwanarusi alipofungua kanga, mkunga akaliangalia lile shuka.

"Nani anakufunga?"

Mwanarusi akainamisha kichwa. "Nguzo."

Bibi Jumwa hakucheka. Alilifungua shuka, mzunguko kwa mzunguko, na chini yake maziwa yalikuwa na alama nyekundu na mabonge magumu. Akayakanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka matone yakaanza kudondoka. Akamfundisha kumgeuza mtoto tumbo kwa tumbo, angoje kinywa kipanuke, kisha amsogeze kwa haraka, ashike ule weusi wote wa ziwa, si ncha. Akamwambia maji ya sukari yanamlaza mtoto na njaa yake, ayaache. Anyonyeshe kila mtoto atakapotaka.

"Sikiliza," akasema.

Alfani alikuwa anameza. Kwa muda mrefu sauti ilikuwa hiyo tu.

Mtoto aliposinzia, Bibi Jumwa akaokota shuka. "Inua mikono." Akalizungusha chini, tumboni tu, kwa upole. Mwanarusi aliihisi mikono ya mtu ikimzunguka kiunoni, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mkunga alizunguka mara moja zaidi kuliko shuka lilivyohitaji.

Arobaini ilipokaribia, mashavu ya Alfani yalikuwa yamejaa. Asubuhi moja Mbeyu alisimama kizingitini na uji wake, akamtazama, kisha akaingia. Kwa mara ya kwanza akampakata, akasema ana macho ya Waziri. La jina lile hakusema, wala hakuomba radhi.

Mwanarusi alikuwa anajifunga. Alingoja kidogo, shuka mkononi, labda wifi yake angelishika. Mbeyu alikuwa anacheza na vidole vya mtoto. Basi Mwanarusi akaifunga ncha kwenye nguzo, chini, usawa wa kiuno kama alivyofungwa na Bibi Jumwa, akazunguka polepole mpaka akaifikia boriti. Akaliegemeza paji la uso hapo.

"Wifi," Mbeyu akaita, "anataka ziwa."

Akaja, akampokea.