Mjomba Alinyoosha Samaki Wangu

Naandika hii nikiwa bado na hasira, mniwie radhi. Jumamosi samaki aliuma mshikio wa funguo zangu, na aliyesababisha ni mjomba.

Naitwa Nzisa. Nachonga mbao Majengo, kwenye banda la mjomba Munyao, mwanamke ni mimi peke yangu. Wanaume wa bandani waliniambia waziwazi: usipoleta mnunuzi wako mwezi huu, nafasi yako anapewa Nzau.

Nikamleta. Zakariye, mwenye duka la vifaa vya uvuvi Eastleigh. Alitaka chambo cha mbao, samaki wa ukubwa wa kidole, cha kunasia samaki aitwaye bass kwenye Ziwa Naivasha.

"Lete vitatu tuvijaribu ziwani," aliniambia. "Vikinasa, nachukua kazi yako yote."

Wiki mbili nilivijaribu kwenye pipa la maji. Ubavu mmoja niliuacha mnene makusudi, ili chambo kikivutwa kiyumbe na kugeuka ghafla.

"Manze, samaki wako amelewa!" Nzau, fundi anayeivizia nafasi yangu, alicheka.

Nikaendelea kuchonga. Kile cha kwanza kabisa nikakifunga kwenye funguo zangu, vile vitatu vya Zakariye nikaviacha mezani bandani.

Basi tukafika ziwani. Zakariye akarusha chambo, akavuta. Kikaja kimenyooka kama rula. Bass akakifuata, akakitazama, akaenda zake. Cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu pia.

"Dada, hivi ni vya kupanga kabatini," Zakariye alisema.

Nilitaka kulia. Nikakishika kimoja. Mbavu zote mbili sawa! Vumbi la msasa bado limo kwenye tundu la ndoano.

Nikapiga simu. "Mjomba, uligusa kazi yangu?"

"Nilikusaidia tu, mwanangu. Vilikuwa vimepinda. Kazi iliyopinda haitoki bandani kwangu."

Nikakata simu kabla sijamtukana mtu mzima. Nikachomoa funguo, nikamfungulia Zakariye kile chambo cha kwanza.

"Funga hiki, utie na ndoano."

Kikayumba. Kikasimama. Kikaruka kando.

Chubwi! Fimbo ya kuvulia ikapinda, Zakariye akapiga kelele.

"Umeona?" alisema akimtoa bass majini. "Samaki anayeogelea sawa ni mzima, kumkimbiza ni kujichosha bure. Anayeyumba ameumia. Na akigeuka ghafla, bass hafikirii, mdomo unatangulia. Vichonge vyote hivi hivi, navichukua."

Nikarudi bandani moja kwa moja, nikamwekea mjomba chambo mezani, rangi imechubuka kwa kuumwa.

Akakiinua, akafumba jicho moja, akakikagua.

"Hiki ndicho kimenasa?"

"Hiki. Vyako vitatu havikunasa kitu."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha, haki ya Mungu, mkono wake ukaenda kuchukua msasa.

Nikampokonya huo msasa mbele ya wanaume wote.

Ndugu zangu, kabla hujanyoosha kazi ya mwenzako, muulize kwanza kwa nini aliipinda. Na mjomba, ukisomewa hii, ujue nafasi yangu bado ni yangu. Na msasa sirudishi.