Mpiga Picha za Moyo

Mpiga picha za moyo ni Mkenya. Huipasha moto viganjani jeli ya kupaka kifuani kabla ya kumgusa mgonjwa, kisha humwomba radhi kwa Kiingereza. Kanuni ya hospitali hapa ughaibuni ndivyo inavyotaka: mwenye cheti cha ukalimani ni mimi, kwa hiyo yeye husema Kiingereza, nami hutafsiri kwa Kiswahili nikiwa nimesimama juu ya stika ya sakafuni, mita moja na nusu mbali nao. Korona, inaonekana, huambukizwa na wakalimani tu, maana yeye humwinamia mgonjwa hadi barakoa zao zikaribie kugusana. Akiwa kazini huimba tenzi puani, bila kujua kwamba anasikika.

Siku ile aliyelala kitandani alikuwa Mama Aksanti, Mkongomani wa mtaa wa Guildford. Ghafla wimbo ukakatika. Kwenye skrini, ndani ya moyo, kitu cheupe kilikuwa kikitikisika. Nimetafsiri miaka mingi, bonge la damu nalijua, na likichomoka laweza kuua. Mama akaanza kushuka kitandani.

"Bisi itaniacha," alisema, akihofia kukosa basi la kurudi nyumbani.

"Mama, lala! Usiinuke, nakuomba!" Mpiga picha alisema kwa Kiswahili.

Mama akalala, akacheka. "Kumbe unajua Kiswahili! Nilizani we ni muzungu mweusi. Basi niambie, umeona nini mu roho yangu?"

Mkono mmoja wa mpiga picha ukabaki begani kwa mama, wa pili ukainua simu kumwita daktari. Kisha akanigeukia, akaniomba kwa Kiingereza safi nimweleze mama kwamba yeye, mpiga picha, hana ruhusa ya kusema alichokiona.

Nikatafsiri. Mama alikuwa ameshaacha kucheka.